Mdomo Wangu Haukuwa na Kosa

Basi lilikuwa limeshapita Gairo niliposikia sauti ya mtoto karibu na sikio langu: "Mama, huyu baba kafa?" Mama yake akamwambia shii, amelala tu. Mtoto hakuridhika. "Sasa mbona kaachama?"

Nilifumba mdomo kwanza, macho nikafumbua baadaye. Kola ya shati ilikuwa imelowa udenda, ulimi umekauka kama gunzi, na abiria wa siti ya pembeni alikuwa anaangalia dirishani kwa bidii ya mtu anayejizuia kucheka. Nikatoa simu, nikajifanya nasoma ujumbe mpaka Kibaigwa. Simu yenyewe ilikuwa imeisha chaji tangu Morogoro.

Hiyo ilikuwa 2018. Mwaka mmoja kabla nilikuwa nimehamia Dodoma pamoja na ofisi yetu, baada ya ile kauli ya 2016 kwamba Serikali yote inahamia makao makuu. Mimi ni mtu wa masjala. Kwa asiyejua, masjala ndiko yanakolala majalada, na ofisi ikihama lazima awepo mtu wa kufungua makasha ya karatasi za tangu enzi za taipureta, azipange upya moja baada ya nyingine, na vumbi lake alimeze yeye. Juu ya hilo kuna vumbi la Dodoma lenyewe, lile jekundu la kiangazi, linaloanza mvua zikikatika na haliondoki mpaka karibu na Desemba. Unafuta meza asubuhi, saa nne unaandika jina lako juu yake kwa kidole.

Nilipanga nyumba Nkuhungu na mfanyakazi mwenzangu, Msukuma. Mimi Mzaramo wa Kisarawe. Wanaojua mambo ya utani wa makabila wameshaelewa shida yangu ilipoanzia. Asubuhi ya kwanza tu, nikiwa bado na mswaki mdomoni, akaniuliza: "Mtani, usiku kulikuwa na nini? Maana mdomo umeuacha wazi kama mlango wa msiba."

Nilicheka. Wiki ya tatu sikucheka tena. Nilikuwa naamka na koo linalowasha, midomo imepasuka, harufu ya kinywa ambayo hata mimi mwenyewe niliisikia, na uchovu wa mtu aliyekesha ngomani. Kila saa mbili nilikuwa naamka kunywa maji, kisha naamka tena kuyatoa. Nilipokwenda kung'oa jino lililooza, yule daktari wa meno alitazama fizi zangu za mbele zilivyokuwa nyekundu akaniuliza kama nalala mdomo wazi. Akanieleza kwamba mate ndiyo walinzi wa meno, usiku yanapungua yenyewe, na hayo machache yaliyobaki mimi nayakausha kwa upepo. Nikatoka pale nimeazimia kuufunga mdomo huu kwa njia yoyote ile.

Hapo ndipo nilipopotea njia, na nikapotea kwa karibu mwaka mzima.

Jaribio la kwanza lilikuwa kitambaa. Nilikipitisha chini ya kidevu nikakifunga fundo utosini, kikakaza taya vizuri tu. Mke wangu alikuja kunitembelea kutoka Dar wiki hiyo. Alipoingia chumbani akanikuta nimelala chali, mikono kifuani, taya imefungwa, alisimama mlangoni hakusogea. "Baba Sada, toa hicho kitu. Wanaofungwa hivyo huwa hawaamki." Sikukivaa tena.

Jaribio la pili niliona kwenye simu, vijana wa huko duniani wanajibandika plasta mdomoni wakilala, wanasema wanaamka wepesi na ngozi imeng'aa. Nikanunua plasta nyeupe ya hospitali. Usiku wa kwanza, kama saa nane hivi, niliota nazama Mto Ruvu. Niliamka nimekaa kitandani, moyo unadunda, naivuta plasta kwa mikono miwili, nayo ikaondoka na nusu ya masharubu. Leo naweza kulisema kwa utulivu: mtu ambaye pua yake haipitishi hewa akijiziba na mdomo, amejiziba kote. Na aliyekunywa pombe, au mwenye kichefuchefu, au anayekoroma kwa kukatakata pumzi, plasta asiiguse kabisa. Wale vijana wa kwenye simu sikumbuki wakilisema hilo.

Lakini plasta ilinifundisha jambo moja bila kukusudia. Nilipokuwa pale kitandani nahema, nilijaribu kuvuta hewa kwa pua, haikuja. Nikaziba tundu la kulia kwa kidole, nikavuta kwa la kushoto: kidogo, kama hewa ya mrija uliokanyagwa. Nikabadilisha: hakuna kitu. Nilikuwa nimeishi na pua iliyoziba miezi na miezi bila kujua kwamba imeziba, kwa sababu mchana mtu anaongea, anakula, anahema kwa mdomo, na haoni tofauti.

Ungedhani hapo nilikwenda hospitali. Nilikwenda duka la dawa.

Kijana wa dukani alinipa kichupa cha matone ya puani, yale ya kufungua pua. Sijawahi kuona dawa inayojibu haraka namna ile. Dakika tano, pua wazi, nikasikia harufu ya rangi ya ukuta wa chumba changu kwa mara ya kwanza tangu nihamie. Usiku huo nililala mdomo umefungwa. Asubuhi mtani akaniambia, "Leo msiba umeisha?"

Uliisha kwa siku nne, pengine tano. Baada ya hapo matone mawili hayakutosha, yakawa matatu. Usiku peke yake haukutosha, ikawa na mchana. Kichupa kimoja kikakaa chini ya mto, kingine kwenye droo ya masjala, kingine mfukoni, na nikisahau kile cha mfukoni narudi nyumbani hata nikiwa nimeshafika stendi. Miezi minane. Pua ilikuwa inafunguka kwa saa mbili tatu, kisha inaziba vibaya kuliko ilivyokuwa kabla sijaanza. Na karatasi ndani ya boksi ilikuwa imeandika wazi kwamba dawa hiyo ni ya siku chache tu. Mtu wa masjala, ambaye riziki yake ni kusoma maandishi ya wenzake, sikusoma karatasi ya dawa yangu mwenyewe.

Daktari wa masikio, pua na koo nilimwona 2019, baada ya mke wangu kuchoka na kunikatia tiketi yeye. Alikuwa mzee mpole. Kwanza aliniuliza nalala mdomo wazi tangu lini. Nikasema tangu nihamie. Akauliza, "Na pua imeziba tangu lini?" Nikanyamaza. Akamulika puani kwa muda mrefu, akaketi, akasema: "Mdomo wako hauna kosa, ndugu yangu. Huo ndio unaokuweka hai usiku. Unataka kumfunga mlinzi na mwizi umemwacha ndani."

Alinieleza kwa kuchora nyuma ya cheti. Ndani ya pua kuna vinyama vilivyofunikwa na utando wenye mishipa mingi midogo ya damu, na kazi yake ni kuipasha hewa joto, kuilowesha na kuichuja kabla haijafika mapafuni. Mdomo hauna chombo hata kimoja cha kazi hiyo. Utando wangu ulikuwa umevimba kwa aleji ya vumbi. Yale matone huibana mishipa ya damu, uvimbe unanywea, hewa inapita. Dawa ikiisha nguvu, mishipa inatanuka kwa kisasi, na anayeizidisha siku tatu hadi tano anakuwa ameanza kutengeneza ugonjwa wa pili juu ya ule wa kwanza. Mimi nilikuwa nimeutengeneza kwa miezi minane. Ukuta wa kati wa pua yangu nao umepinda kidogo kushoto, lakini akasema hilo watu wengi wanalo, tuliache kwanza.

Kuacha matone kulikuwa kazi. Alinishauri niache tundu moja kwanza, nilivumilie, ndipo nifuate la pili. Niliacha la kulia. Siku kumi nililala nimeegemea mito mitatu kama mgonjwa wa zamani wa wodini, tundu la kushoto linafanya kazi ya wawili. Nilikuwa na hasira na kila mtu. Usiku wa kumi na moja, bila taarifa, likafunguka lenyewe.

Pamoja na hayo alinipa dawa ya kupuliza puani, ya jamii ya steroidi, yaani ya kutuliza uvimbe. Hii ni ndugu mpole asiye na haraka. Mimi niliyezoea dakika tano nilitaka kuitupa siku ya tatu, na ilichukua karibu wiki mbili ndipo nikaona kazi yake. Kuna ufundi wake ambao nusu ya watu hawaujui: mkono wa kulia upulize tundu la kushoto, wa kushoto upulize la kulia, ili dawa ielekee upande wa shavu na isipige ule ukuta wa kati, maana ukipigwa kila siku unatoa damu. Na usivute kwa nguvu kama mvuta ugoro, la sivyo dawa inaishia kooni.

Kabla ya kupuliza, kwanza kuosha. Mimi ni Mwislamu, kupandisha maji puani mara tatu katika udhu ni jambo la kila siku, na nilimwambia daktari kwamba pua yangu inaoshwa kuliko gari lake. Akacheka. Maji ya udhu, akasema, yanafika mlangoni. Haya ya dawa yanaingia tundu hili yanatokea lile. Nusu kijiko cha chai cha chumvi kwenye robo lita ya maji, na maji yawe yamechemshwa yakapoa yakabaki vuguvugu. Hapo kwenye kuchemsha hakutaka mzaha. Kuna amiba, kijidudu kisichoonekana kwa macho, anayeishi kwenye maji yasiyo ya chumvi yenye joto joto; ukimnywa hana shida, lakini akisukumwa juu puani anaweza kupenya hadi kwenye ubongo, na wanaopona ni wachache mno. Ni nadra. Lakini kuchemsha sufuria ya maji kunanigharimu nini? Mara ya kwanza niliinama juu ya beseni nikahisi nazama Ruvu tena. Mara ya tatu nilikuwa nayafanya huku naimba.

Kisha akaniuliza nalalia nini.

Mto wangu ulikuwa wa sufi. Mama aliujaza mwenyewe kwa sufi ya mti ulio nyuma ya nyumba yetu Kisarawe, mwaka nilioanza sekondari, na tangu hapo nimehama nao kila nilikokwenda: bweni, chuo, Temeke, Dodoma. Foronya yake ya kwanza aliidarizi maua ya samawati. Sikuwahi kuuanika zaidi ya mara mbili kwa mwaka. Jumamosi moja tuliufungua uani, mimi na Mama Sada, na kilichotoka si sufi. Ilikuwa unga. Sufi ya zamani husagika kwa kulaliwa, na miaka yangu yote ya Pwani, kwenye unyevu ule, mto ulikuwa umefuga utitiri wa vumbi, wadudu wasioonekana kwa macho wanaokula magamba ya ngozi yetu. Nilikuwa nalalia shamba la mifugo na pua yangu ndiyo iliyokuwa karibu. Nilipiga chafya mpaka jirani akachungulia ukutani kutuambia afya.

Sufi tuliichoma. Foronya niliifua kwa maji ya moto, inavaa mto mpya wa sponji, na sasa mashuka na foronya vinafuliwa kwa maji ya moto kila wiki. Mama nilimwambia mto "umechoka". Sikumwambia kilichokuwemo.

Godoro nalo linatoka nje kwenye jua, na masjala navaa barakoa ninapofungua makasha ya zamani. 2019 wenzangu walinicheka. Mwaka uliofuata, korona ilipokuja, wengi waliivaa, na watu wakapiga nyungu. Nyungu nami nimepiga sana, mikaratusi na mchaichai, na sina ubaya nayo: mvuke unalainisha makamasi, unalala na raha. Asubuhi pua ni ile ile. Na maji ya moto chini ya shuka yamewababua wengi. Kama chanzo ni vumbi, nyungu inambembeleza mgonjwa huku utitiri unaendelea kula.

Kulikuwa na suala la kulala chali. Ukilala chali, taya inashuka kwa uzito wake na ulimi unarudi nyuma, hata pua ikiwa safi. Nilijizoesha ubavu kwa njia ya kitoto: nilikunja soksi kuukuu nikatengeneza mpira kama ule tuliochezea chandimu, Mama Sada akaushonea mgongoni mwa fulana yangu ya kulalia. Ukigeuka chali, mpira unakuchoma mgongo, unarudi ubavu bila kuamka. Wiki sita zilitosha. Feni nayo nimeacha kuielekeza usoni hata nikiwa Dar kwenye joto la Februari. Inazungukia miguuni, na mapanga yake yanafutwa.

Sasa nirudi kwa mtani, maana yeye ndiye sababu nimeandika haya yote.

Siku ile ya kwanza, daktari alimuuliza mke wangu maswali ambayo sikuyaelewa maana yake. Je, huyu bwana akikoroma kuna wakati anakatika, kimya kabisa, halafu anashtuka kama anayekabwa? Mchana anasinzia akiwa amekaa? Anaamka na maumivu ya kichwa? Ana presha? Mama Sada akajibu hapana, hapana, hapana. Mimi nikahisi ubaridi. Nikasema, "Daktari, si mimi. Lakini yupo mtu."

Usiku wangu wote ule wa kuamka kunywa maji nilikuwa namsikia mtani chumba cha pili. Alikuwa anakoroma kama trekta, kisha trekta linazimika. Kimya. Kuna usiku nilihesabu, kwa kuchoka tu, nikafika ishirini na tano ndipo akavuta pumzi kwa kishindo, kitanda kikalia. Nililichukulia kama kichekesho cha kumrudishia siku moja. Mtu mwenyewe ana shingo nene, kikaoni anasinzia kabla ya kumbukumbu za kikao kilichopita kusomwa, na tulikuwa tunamwita Mzee wa Kuafiki kwa jinsi kichwa kilivyokuwa kinainama. Daktari aliniambia pumzi ikikatika kwa sekunde kumi na zaidi, tena mara nyingi kwa usiku, huo ni ugonjwa. Moyo unachoka, presha inapanda, na dereva anaweza kusinzia na usukani mkononi. Mtani alikuwa anaendesha Dodoma hadi Shinyanga kila sikukuu.

Kumshawishi kulinichukua miezi miwili, kwa sababu kila nikianza alidhani ni utani. Mwisho nilimrekodi kwa simu. Alisikiliza mara moja, akairudisha nyuma, akasikiliza tena pale pa kimya, kisha akaiweka simu mezani taratibu. Alikwenda. Alipimwa usingizi Dar, na leo analala na mashine inayosukuma hewa kupitia barakoa, na amepunguza kilo kumi na mbili. Sikuwahi kumwona mtu anayebadilika hivyo. Vikaoni sasa anabisha.

Tangu hapo natazama watu waliolala kwa jicho lingine. Mpwa wangu wa miaka mitano alikuwa anakoroma na mdomo wazi kila usiku, mchana anahema vivyo hivyo, na dada yangu alikuwa anamchapa kidogo kidevuni, "funga mdomo, nzi wataingia." Zilikuwa nyama za pua, zile zinazoota nyuma ya pua kwa watoto. Alifanyiwa upasuaji, akaanza kusikia vizuri darasani, kitu ambacho hatukujua kwamba kilikuwa na uhusiano. Dada alilia kwa ajili ya vile vikofi.

Mimi sijapona kwa maana ya kupona. Aleji haiondoki, inakaa pembeni kama mpangaji anayelipa kwa kuchelewa. Kila Juni upepo unapoanza nazidisha maji ya chumvi, na nikipata mafua mdomo unafunguka tena, nami nauacha ufanye kazi yake. Mama Sada ananigusa bega, nageuka ubavu.

Mtani alihamishwa kituo mwaka juzi. Hupiga simu usiku, mara nyingi nikiwa nimeshazima taa.

"Mtani, mlango umefunga?"

"Nimefunga. Mashine umewasha?"

"Nawasha sasa hivi."

Nabaki na simu sikioni mpaka nisikie ikivuma.